Maharage Yaliyoiva Bila Moshi

Mama yangu,

Maharage yameiva. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla ya salamu, kabla hata ya kuuliza hali ya mjukuu wako. Ulikuwa huwezi kumwona mtu anatoka jikoni bila kumuuliza, "Yameiva?" Basi yameiva, Mayu. Ni yale ya njano, makubwa, uliyokuwa ukisema yana ubishi wa mlevi. Niliyaloweka jana, leo nikayatia kwenye presha kuka, nikabonyeza kitufe, nikaenda zangu kufua nguo za Neema. Niliporudi nikachukua moja nikaliminya kwa vidole, likapondeka. Sikukata kuni wala kuokota kinyesi cha ng'ombe, na hakuna mtu aliyepuliza moto.

Watu wanaowaandikia marehemu wao huandika kwa sauti ya msibani, taratibu, utadhani wanaogopa kuwaamsha. Mimi nataka uamke. Kuna jambo limetokea nyumbani kwako, mlangoni pako palepale, na nimechoka kulisimulia kwa watu wanaotikisa kichwa na kuniambia pole. Sitaki pole. Nataka wewe usikie, halafu upige kile kicheko chako cha puani ulichokuwa ukikificha mbele ya wakwe.

Hebu nikueleze kwanza hicho chombo, maana ulituacha wakati kijijini hakujafika hata nguzo moja ya umeme. Ni sufuria nene iliyofichwa ndani ya nyingine. Ina waya nyuma na mfuniko unaozungushwa mpaka ulie "kach," na ukishapata moto huwezi kuufungua hata uwe na nguvu za fahali. Mvuke unabaki humohumo, unayasumbua maharage mpaka yanakubali. Juu ya mfuniko kuna kidude kidogo cha kuachia mvuke. Ukikigeuza, mvuke unaruka juu kwa kelele, kwa hiyo mwenye akili zake hukigeuza kwa mpini wa mwiko na uso anaupeleka pembeni. Kikumbuke hicho kidude, nitakirudia.

Mimi siku hizi nauza chakula Kalangalala, hapa Geita mjini. Wateja wangu ni vijana wa karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Wanakuja na vumbi mpaka kwenye kope na njaa isiyojua kungoja. Siku ya kwanza nilipoiwasha presha kuka mbele yao, ikaanza kunguruma, mmoja akanyanyuka na sahani yake akaenda kusimama barabarani. "Mama Neema," akaniambia, "sisi tumeponea kwenye duara la mgodi, udongo umeshindwa kutufukia, halafu tuje tuuawe na maharage?" Nikamwambia abaki hukohuko ale ugali na chumvi. Alirudi, akala sahani mbili, na sasa ndiye anayewatisha wageni.

Ningekuonyesha wewe kwanza, kabla yao wote.

Unakumbuka tulivyopika sisi. Kwetu, ukitoka Mhunze kwenda ndani, miti ilishaliwa na ng'ombe na majiko zamani, na tulipikia kinyesi kilichokauka na miti ya pamba iliyong'olewa baada ya mavuno. Moshi wake ni mzito na unauma. Maharage uliyabandika jua likiwa kichwani, na mpaka linaegemea bado uko chini umepiga magoti, shavu karibu na majivu, unapuliza. Ukitoka nje kuvuta pumzi, macho yako yalikuwa mekundu kabisa. Uliyaosha kwa maji ya mtungi na kunitania, "Ona Kabula, macho yangu yameiva kabla ya maharage." Nami nikacheka. Nilikuwa mtoto, nilidhani ni utani tu.

Kila mwanamke wa kijiji kile alijua ni moshi, maana kila mmoja alikuwa nayo macho hayohayo. Lakini kwetu, mwanamke akiwa na mume, macho mekundu ni macho ya mpishi. Mume akifa na shamba likabaki, macho yaleyale yanageuka kuwa ya mchawi. Baba hakuwa amemaliza hata mwaka kaburini walipoanza kukutazama usoni badala ya kukusalimia. Ndama wa watu akifa, macho yako. Mtoto akipata degedege, macho yako. Na aliyekuwa akiyasema hayo kwenye vilabu vya pombe ni Masanja, mtoto wa baba mkubwa, yule niliyemwita kaka, aliyekula ugali wako tangu hajaota meno ya ukubwani. Shamba letu lilikuwa kando ya lambo, lenye unyevu mpaka kiangazi. La kwake lilikuwa mawe.

Siku ile ulinituma lamboni kuleta maji ya kuongezea kwenye chungu. "Kimbia, yasije yakaungua," ulisema, na hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu. Sikukimbia sana. Njia ilikuwa na jua, na ndoo ilikuwa kubwa kuliko mimi.

Nilikukuta umeangukia mafiga. Walikukuta umepiga magoti unapuliza moto, mgongo umeupa mlango, na kwa jinsi ulivyolala najua kwamba hukugeuka. Ulidhani ni mimi nimerudi. Panga la kwanza lilipita shingoni. La pili lilikata mkono uliojaribu kuuinua, chini kidogo ya bangili, na la tatu sijui lilikuwa la nini, maana kazi ilikuwa imekwisha. Damu ilikuwa imezima moto upande mmoja. Upande wa pili ulikuwa unaendelea kuwaka, na chungu kinachemka juu yako utadhani hakuna kilichotokea. Mimi nikafanya jambo ambalo mpaka leo silielewi. Nikachota harage moja nikaliminya. Lilikuwa gumu. Walikuja, wakaua, wakaenda zao, na maharage yako bado hayajaiva.

Waliokata hawakujulikana. Aliyewatuma alikuja msibani na mbuzi. Alilia kwa sauti kuliko mimi niliyekuwa mwanao, na kabla ya matanga kwisha alikuwa amehamisha mpaka wa shamba kwa miguu yake mirefu. Angechukua lote kama mdogo wako asingekuja. Mama mdogo Limi aliacha kibanda chake cha chai pale Isaka, kwa madereva wa malori, akaja na begi moja na mdomo wake. Akalala kwenye kitanda chako, akapika kwenye mafiga yaleyale baada ya kuyasugua kwa mchanga, akamwambia Masanja mbele ya watu kwamba kipande kilichobaki ni cha Kabula na atakayekitaka apitie kwake kwanza. Alinilea hapo. Hakuolewa, hakurudi Isaka, hakutoka. Nilipokuja Geita kutafuta maisha alibaki peke yake akilinda udongo wako.

Sasa sikiliza. Mwaka jana nilikwenda kumsalimia, nikafika mlangoni nikaganda. Ulikuwa wewe umekaa pale. Macho yaleyale, kope zimevimba, pembeni panatoka maji. Na kwenye mbao za mlango kulikuwa na alama moja ya panga, katikati, imepigwa kwa usafi kabisa.

"Nani kafanya hivi?" nikamuuliza.

"Upepo," akanijibu. "Upepo wenye shamba la mawe."

Nilimwomba tuondoke wote. Nilimwomba kwa machozi, halafu kwa matusi. Akasema hawezi kumwachia mbwa yule shamba la dada yake, na kama nimekuja kumfukuza kwake basi nimsaidie Masanja kubeba panga. Unamjua. Ukimsukuma mbele anakaa chini.

Nikarudi Geita nikiwa na hesabu kichwani, na niliiona hesabu safi. Moshi ukiondoka, macho yatapona. Macho yakipona, hawana la kusema. Umeme ulikuwa umeshafika kijijini, nyumba yako ina taa moja na soketi moja. Nikanunua presha kuka ya pili, nikaipakata mapajani kama mtoto mchanga, Kahama, Isaka, Shinyanga, mpaka nyumbani. Mama mdogo aliitukana wiki nzima. Alisema inanung'unika kama mke wa pili. Halafu akala maharage yake ya kwanza yaliyoungwa kwa karanga, akalamba kidole, akaniuliza kama inapika na kwato za ng'ombe. Baada ya muda alinipigia simu akasema anaweza kutunga uzi kwenye sindano bila kufumbafumba. Nilifurahi, Mayu. Nilicheza pale kibandani na mwiko mkononi, vijana wa karasha wakapiga makofi.

Kitu nilichokisahau ni kwamba kwetu nyumba hujulikana kwa moshi wake. Jioni ukitazama upande wa jirani ukauona, unajua wako hai na wamepata cha kubandika. Usipouona, unakwenda kuuliza kuna nini. Wewe mwenyewe ulikuwa ukinituma. Basi jirani, Mama Holo, alikaa jioni kadhaa bila kuona moshi wa Limi, akaja kuuliza kuna nini. Akamkuta amekaa nje anasuka mkeka. Mafiga ya baridi, majivu yamekauka. Wakapiga soga kidogo, Mama mdogo akaingia ndani akatoka na bakuli la maharage laini yanayofuka. Mama Holo alikula, akashukuru, wabeja, akaenda kuchota maji. Kisimani maharage yale yakawa yameiva bila moto. Yalipofika kwenye kilabu cha pombe yakawa yameiva kwa pumzi ya mtu, na mtu mwenyewe amefungiwa humo ndani ya chungu, anasikika akihema.

Usidhani ni watu wa porini wasiojua umeme. Wana simu mkononi, wana redio, wanalipia kuangalia mpira. Ila chungu kinachopika bila moto, kikiwa kwa mwanamke mwenye macho mekundu na shamba lenye unyevu, hicho si umeme tena. Ningempelekea Masanja chungu hichohicho, kingeitwa maendeleo.

Haya yote sikuambiwa kwenye simu. Niliyakuta. Mwaka huu, pamba ikiwa imeanza kupasuka, nilikwenda bila kutoa taarifa, nikafika alasiri nikaona kutoka mbali moshi mzito unatoka jikoni kwetu. Nikadhani chombo kimeharibika. Chumbani presha kuka imewashwa, inachemka vizuri tu. Nikaenda jikoni. Mama mdogo amepiga magoti, shavu kwenye majivu, anapuliza kinyesi cha ng'ombe, na juu ya mafiga hakuna kitu. Hakuna chungu, hakuna hata birika.

"Mama mdogo, unapika nini hapo?"

"Moshi," akasema.

"Moshi?"

"Napika moshi, mwanangu. Ndicho wanachotaka kuona. Nikiwapikia huu jioni, wanalala wametulia."

Akageuka kunitazama. Macho yalikuwa yamerudi mekundu kabisa, mabaya kuliko mwanzo. Nilimletea chombo cha kumwondoa kwenye moshi, naye akawa anawasha moshi ili kukificha chombo. Mayu, nilishikwa na hasira sijapata kuwa nayo tangu siku ile ya ndoo. Niliinua mtungi mzima nikaumwaga kwenye mafiga. Nikamshika mkono nikamtoa nje, nikamkalisha kwenye kigoda, nikaleta presha kuka na waya wake mrefu nikaiweka mlangoni kabisa, hadharani, juu ya stuli. Nikasema atakayetaka kuangalia aje aangalie.

Wakaja. Hayakupita mazungumzo marefu tukasikia mwano, ule ukelele wa hatari unaomtoa kila mtu nyumbani kwake na fimbo. Mbele alikuwa Masanja. Ameota mvi sasa, tumbo limetangulia, lakini miguu ni ileile iliyohamisha mpaka. Alishika panga lililonolewa upya, ukingo unang'aa. Nyuma yake vijana wenye marungu, wazee wenye fimbo, wanawake wamejipanga kwenye ua wa minyaa. Wengi nawajua kwa majina. Wengine uliwazalisha mama zao.

"Leo tutajua kinachopikwa humu!" Masanja alisema.

"Siku hizi hata shikamoo hujui?" Mama mdogo alimwuliza, amekaa palepale kwenye kigoda.

Alikipiga teke kigoda. Mama mdogo akaanguka kifudifudi, pua ikagonga ardhi iliyokauka, damu ikamwagika mpaka kwenye kanga. Nilitaka kwenda, kijana mmoja akanizuia kwa rungu kifuani. Masanja akamkanyaga mkono, akainua panga, akampiga mgongoni kwa ubapa. Nilisikia mlio wa mbavu. Akampiga tena. Mama mdogo hakulia. Aligeuza uso uliojaa vumbi na damu, akamtazama toka chini na hayo macho yake wanayoyaogopa, akasema kwa sauti ambayo kila mtu pale uani aliisikia: "Kata basi. Si umeshazoea? Dada yangu ulimkatisha kwa nyuma. Mimi nikate usoni."

Pakawa kimya. Hakuna aliyewahi kulisema hilo mbele yake. Hata marungu yalishuka kidogo. Na katika ukimya ule, presha kuka ikatoa ile pumzi yake fupi, tsss, ikanyamaza.

Watu wote walirudi nyuma. Aliyekuwa amenizuia alikimbia mpaka kwenye minyaa.

"Mmesikia?" Masanja alipaza sauti, amefurahi kama aliyeokolewa. "Mmesikia? Kinahema! Mtu yumo humo!" Akamwacha Mama mdogo chini, akaja mlangoni. Mimi nilikuwa nimeshafika karibu na stuli, mwiko mkononi.

"Fungua," akaniambia.

"Haifunguki ikiwa na moto, kaka."

"Nimesema fungua, la sivyo nakufungua wewe."

Mayu, nilitulia. Sijui utulivu ule ulitoka wapi. Nilimwambia kwa adabu kabisa, kama ulivyonifundisha kuzungumza na wakubwa, "Haifunguki. Ila ukitaka kusikia kinachosemwa humo, inama usikilize. Weka uso hapa karibu. Kinasema polepole."

Aliogopa. Lakini amewaita watu mwenyewe, na wote wanamtazama, na mwanaume aliyeleta kijiji kizima hawezi kukimbia sufuria. Akainama. Kwa mara ya kwanza maishani nikayaona macho yake kwa karibu. Yalikuwa meupe safi, macho ya mtu ambaye hajawahi kupuliza moto hata siku moja.

Nikageuza kidude.

Wengine wananiuliza kama mkono ulikwenda wenyewe. Hapana. Niliupeleka mimi. Mvuke ulimpata usoni wote kwa pamoja, na nyuma yake ukaja mchuzi wa maharage unaochemka, kwa kuwa Mama mdogo alikuwa ameijaza kupita kiasi. Aliyekuwa akisema kuna mtu ndani alipiga kelele kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Alianguka chali, akajikuna uso, na ngozi ya shavu ikabaki kwenye vidole vyake. Panga lilianguka karibu na mguu wangu. Nikaliokota. Lilikuwa jepesi, Mayu, nilidhani litakuwa zito. Nikasimama juu yake miguu huku na huku, na shingo yake ilikuwa pale, nikaona hasa mahali pa kupiga kwa sababu napajua, nilipaona kwako. Nililinyanyua mpaka juu ya kichwa. Hakuna hata mmoja aliyenisogelea. Nilitaka. Usiamini mtu atakayekuambia sikutaka.

"Kabula." Mama mdogo alikuwa bado yuko chini, hawezi kuinuka, anapumulia mdomo. "Ukimkata tu, nitakayekatwa ni mimi."

Ilikuwa kweli. Wangesema walikuwa sahihi, na marungu yangepanda tena. Nikalishusha panga, nikalitupa kisimani baadaye, lakini palepale nililibana kwapani kwanza, nikasubiri mvuke wote uishe, kwa mkono wa pili nikazungusha mfuniko, nikaiinamisha sufuria ili kila mwenye macho aone. Mama Holo ndiye aliyethubutu kusogea. Alichungulia muda mrefu.

"Maharage," alisema.

Ndiyo hivyo tu. Marungu yakaanza kutazama chini. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kila mtu amekumbuka ng'ombe wake. Mzee mmoja, mwanaume mzima na fimbo yake, aliniuliza kama anaweza kuonja. Nilimnyima.

Tuliondoka siku hiyohiyo juu ya gari la pamba, Mama mdogo amelazwa kwenye marobota, mbavu zimefungwa kwa kanga zangu. Masanja walimpeleka hospitali kwa pikipiki. Polisi walipomuuliza alisema ni ajali ya jikoni, maana angesema vingine angelazimika kueleza na panga. Mwanaume yule, ajali ya jikoni! Hapo ndipo nilipocheka kwa mara ya kwanza, na sikuweza kuacha mpaka Neema akaniletea maji.

Hakupofuka. Nilitumaini atapofuka, sitakudanganya. Macho yake yamebaki mekundu. Nimeambiwa na Mama Holo mwenyewe, ambaye sasa hunipigia simu kila mara kama anadaiwa: mekundu kila siku, asubuhi na jioni, mabaya kuliko yalivyokuwa yako. Na anatembea nayo kijijini. Anakwenda nayo kilabuni, mnadani, kwenye vikao. Watoto wanamwamkia shikamoo. Ndama wanakufa kama kawaida, degedege ipo, na hakuna aliyepiga mwano kwake, hakuna aliyeweka alama kwenye mlango wake.

Nilikuwa nikijiuliza, Mayu. Miaka yote, kila nikibonyeza kile kitufe, nilijiuliza kama ungekuwa na chombo hiki siku ile, bila moshi, bila kupiga magoti, macho yako meupe, ungekuwa hai? Nilijiuliza mpaka nikawa siwezi kula ninachopika. Sasa najua, na nimejulia kwenye macho ya Masanja. Wangekuja tu. Hawakuja kwa ajili ya macho, walikuja kwa ajili ya unyevu wa lambo, na ungekuwa na macho meupe wangetafuta meno yako, au kucha, au jinsi unavyocheka. Tofauti ingekuwa moja tu. Ungekufa ukiwa umeshakula.

Shamba tumempa Mama Holo alime. Masanja hajauvuka mpaka. Mama mdogo yuko hapa nami Kalangalala, amepona, ingawa akikohoa anashika ubavu. Hapa hakuna anayemtazama macho. Vijana wa karasha wote wana macho mekundu ya vumbi, yeye anakaa katikati yao anawatukana, nao wanamwita bibi na kumletea soda. Upishi wa maharage ameninyang'anya. Ukifika wakati wa kuachia mvuke haruhusu mtu yeyote kushika. Anachukua mwiko, anageuza uso pembeni, na kabla ya kugusa kidude husema, kila siku, kwa adabu zote, "Pisha, Masanja."

Nimeanza kukuandikia nikiwa nataka uamke. Sasa umesikia, lala. Umelala vibaya miaka mingi, shingo upande, masikio yako mlangoni. Na ukisikia tena nyayo nyuma yako, usiogope kugeuka, Mayu. Ni mimi. Nimerudi na maji.

Binti yako uliyemtuma lamboni,
Kabula